Samaki Anayepanda Mto Wakati wa Mvua: Tusile Mbegu



Katika somo hili tutaacha kidogo mihogo na maharagi, tuzungumze juu ya mto. Wengine watauliza: "Sisi ni wakulima, uvuvi unatuhusu nini?" Unatuhusu sana. Wengi wetu huku Ituri tuna shamba upande mmoja na wavu au ndoano upande mwingine. Hata yule asiyevua ananunua samaki wa Kasenyi na Tchomia sokoni Bunia, na watoto wake wanakua kwa samaki huyo. Tena mvua inayotuita shambani mwezi wa tatu ndiyo hiyo hiyo inayomwita samaki mtoni. Mambo haya mawili yanatokea siku moja, na hapo ndipo tunapokosea.

Kosa lenyewe kila mtu analijua. Mvua za kwanza zinashuka, mayi ya mto inapanda na kuwa ya rangi ya udongo. Baada ya siku chache samaki wanajaa mdomoni mwa mto na katika vijito, wakubwa, wenye tumbo nene. Watu wanakimbia na nyavu, mitego, mapanga, hata vyandarua. Utasikia: "Leo mto umetoa!" Kumbe mto haukutoa kitu. Samaki walikuwa wanaenda kuzaa, na sisi tumewasimamia mlangoni.

Kwa nini samaki anapanda mto

Tuanze kwa kujua maji yetu. Mji wa Bunia uko karibu na mgawanyo wa maji ya pande mbili. Maji ya mto Shari yanaingia mto Ituri, yanakwenda Aruwimi, kisha mto Kongo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Lakini ukishuka milima kuelekea mashariki, maji yanaingia Ziwa Albert, na kutoka huko yanafuata mto Nile mpaka bahari ya Mediterania. Mto mkubwa unaoingia ziwa hili kwa upande wa kusini ni Semliki, unaotoka Ziwa Edward pale Ishango. Mvua moja inayonyesha juu ya mlima inaweza kulisha mito ya pande zote mbili.

Katika maji haya wamo samaki wa aina nyingi. Kila lugha yetu ina majina yake, Kialur, Kihema, Kilendu, Kibira. Baadhi yao wanazaa ziwani penyewe. Lakini wengine hawazai vizuri mpaka maji ya mvua yawaite. Kambale ni mmoja wao. Mvua ikinyesha na mto ukifurika, kambale anatoka katika maji ya kina usiku na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Anataga humo, mayai yananata kwenye majani, na kwa maji ya joto yanaanguliwa kwa siku moja au mbili tu. Samaki wa jamii ya ningu, ambao wataalamu wanawaita Labeo, wanapanda mto kwa makundi, wanataga mahali maji yamefurika, kisha wanarudi. Watoto wao nao wanashuka baadaye kuelekea maji makubwa.

Kwa nini wanachagua wakati wa mvua? Sababu ni sawa na zile zetu. Mkulima hapandi mahindi mwezi wa kwanza jua likiwa kali. Anangoja ardhi ilowe. Samaki pia anangoja. Kwenye maji mapya yaliyofurika mna chakula kingi cha watoto, mna majani ya kujificha, na maadui ni wachache. Maji yakishuka kabla hajataga, mwaka huo umepotea. Kwa hiyo safari yake ni fupi, na njia yake ni nyembamba. Ndiyo maana ni rahisi sana kumkamata, na ndiyo maana ni hatari kumkamata.

Hesabu ya mbegu

Hakuna mkulima mwenye akili anayepika mbegu yake ya kupanda, hata njaa ikimsumbua. Akifika huko, majirani wanajua kwamba nyumba ile imefika mwisho. Samaki jike anayepanda mto ni gunia la mbegu linalotembea.

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Tuseme jike mmoja wa kambale amebeba mayai 20,000. Mkubwa anaweza kubeba zaidi ya hayo. Tuseme mayai mengi yanaliwa au kuharibika, na katika kila 1,000 ni mmoja tu anayefika kuwa mkubwa wa kuuzwa. Basi jike yule mmoja akiachwa apite, anatuletea samaki 20. Kama mtego wetu unakamata majike 10 kwa usiku mmoja, tumepata samaki 10 leo na tumepoteza 200 wa kesho. Tukifanya hivyo siku 20 za mvua, samaki 4,000 hawatakuwapo. Badilisheni namba mnavyotaka, jibu litabaki linaelekea upande ule ule.

Tena kuna jambo wavuvi wazee wanalijua: samaki huyu wa mvua hana faida kubwa kama tunavyofikiri. Nguvu yake imeenda kwenye mayai. Na tukimkamata kwa wingi, tutamkausha wapi? Jua hakuna, kuni zimelowa, barabara ya kupanda Bunia ina matope. Nusu inaoza, inayobaki inauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mtu ameleta samaki siku moja. Samaki yule yule akikamatwa wakati wa kiangazi, anakauka vizuri, anafukwa vizuri, na anafika sokoni akiwa na bei.

Yaliyompata ningu wa Ziwa Victoria

Mtu anaweza kusema: "Samaki hawaishi. Babu zetu walivua hivyo hivyo." Ni kweli babu walivua samaki wa mvua. Tuangalie basi jirani zetu wa Ziwa Victoria, maana wao walitutangulia katika jambo hili.

Upande wa Kenya, kwenye mito kama Nzoia, watu tangu zamani walivua ningu alipopanda mto. Walijenga uzio wa miti na kutega vikapu vya kusuka. Kazi ile ilikuwa ngumu, uzio ulibomolewa na mafuriko, na samaki wengi walipata nafasi ya kupita. Mto ulikuwa unajilinda wenyewe. Kisha zikaja nyavu za viwandani, na katika miaka ya 1950 zikafika nyavu za nailoni, ambazo hazionekani majini, hazichoki, wala hazioziki. Watu wakazitega ziwani, pale pale mdomoni mwa mito, siku ambazo ningu wanakusanyika wapande. Samaki waliokamatwa walikuwa wale wenye mayai, kabla hata hawajaingia mtoni. Miaka haikuwa mingi. Kufika miaka ya 1960, ningu ambaye alikuwa samaki wa biashara kubwa alikuwa amekwisha kuanguka.

Wengine wanamsingizia kapitene, yule anayeitwa mbuta au sangara kule Victoria. Kapitene ni samaki wetu. Wengi wa wale waliopelekwa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950 walichukuliwa Ziwa Albert. Ni kweli alikula samaki wengi wa kule. Lakini yeye alikuja kujaa ziwa lile katika miaka ya 1980, wakati ningu alikuwa amekwisha kupungua zamani. Aliyemmaliza kwanza ni wavu uliofunga mlango wa mto.

Somo la hapo ni hili: babu zetu hawakuwa na wavu wa nailoni. Desturi iliyokuwa salama kwa kikapu si lazima iwe salama kwa nailoni.

Koperative iliyosimamisha uvuvi wake yenyewe

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu kuna koperative nyingine iliyopita njia hii na ikatoka.

Amerika ya Kaskazini kuna samaki wa maji baridi anayeitwa walleye. Kule hakuna majira ya mvua kama yetu, kuna baridi kali, na mito na maziwa yanafunikwa na barafu. Barafu ikiyeyuka, mwezi wa tatu au wa nne, walleye wanapanda mito na kwenda sehemu zenye mawe kutaga. Wavuvi wa kule wanampenda mno, na wakati huo ndipo anapokamatika kwa urahisi, sawa na kambale wetu. Kwa hiyo sehemu nyingi zimeweka sheria: katika jimbo la Minnesota, kwa mfano, uvuvi wa walleye kwenye maji mengi ya ndani unafungwa mwishoni mwa baridi na kufunguliwa katikati ya mwezi wa tano, samaki wakiwa wamekwisha kutaga.

Katika jimbo hilo hilo kuna ziwa linaloitwa Red Lake, ambalo sehemu yake kubwa ni ya watu wa kabila la Ojibwe. Wavuvi wao walikuwa na koperative yao, Red Lake Fisheries Association. Kwa miaka mingi walivua kwa nyavu na kuuza. Pande zote mbili za ziwa, wenyeji na wageni, walivua kupita kiasi, na katika miaka ya 1990 walleye wakaporomoka. Mwaka 1997 wanachama wa koperative walipiga kura kusimamisha uvuvi wa biashara. Fikirini uzito wa kura ile: watu ambao chakula chao kinatoka kwenye nyavu wananyoosha mkono kuziweka chini. Mwaka 1999 kabila na serikali walitia sahihi mapatano ya kulifunga ziwa na kulilinda pamoja. Vifaranga vya walleye vilimwagwa ziwani mwaka 1999, 2001 na 2003. Mwaka 2006 uvuvi ulifunguliwa tena, kwa kipimo, na samaki walikuwapo.

Wao walingoja mpaka ziwa likaanguka, na ikawabidi kufunga miaka. Sisi tukianza sasa, tunaombwa kufunga wiki chache tu kila majira ya mvua, na si ziwa lote, bali milango ya mito.

Lakini njaa je?

Hapa ndipo penye uzito wa neno, na hatuwezi kulipita kando. Mwezi wa nne na wa tano, akiba ya mavuno ya mwisho wa mwaka imekwisha katika nyumba nyingi, na mahindi mapya bado ni majani. Kuna familia zilizokimbia vita, hazina shamba, zinaishi kando ya mto au katika kambi. Mama mwenye watoto wanne ukimwambia, "Usivue, samaki iko na mayai," atakujibu, "Na watoto yangu je, watakula mayai ya mwaka ujao?" Jibu lake ni la haki.

Kwa hiyo katazo peke yake halitoshi, tena katazo ambalo linamuumiza maskini na kumwacha tajiri mwenye nyavu kumi halifai kabisa. Mapatano mazuri yanatofautisha. Mtoto mwenye ndoano moja anayetafuta mboga ya jioni hamalizi mto. Anayemaliza mto ni mwenye wavu unaofunga ukingo hadi ukingo, mwenye sumu, na mwenye chandarua. Tuanze na hao.

Kisha tujiandae kwa miezi ile kabla haijafika. Kiangazi cha mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili ni wakati wa kukausha na kufuka samaki, na kuweka sehemu ndani badala ya kuuza wote. Maharagi ya muda mfupi, yakipandwa mvua za kwanza, yanaweza kuliwa baada ya miezi miwili na nusu au mitatu. Mboga za majani mapema zaidi. Vikundi vya AVEC vinaweza kupanga mgawanyo wa akiba uangukie mwezi wa nne, si Krismasi tu. Koperative yenye mfuko wa mshikamano iamue mapema ni nyumba gani zitasaidiwa wakati mlango wa mto umefungwa. Bila hayo, mapatano yatavunjwa usiku wa kwanza, na atakayevunja hatakuwa mtu mbaya.

Hatua saba za kuanza nazo

1. Jueni mto wenu. Waiteni wavuvi wazee na akina mama wauza samaki. Waulize: samaki gani wanapanda, mvua ya ngapi, wanapita wapi, wanataga wapi? Andikeni katika daftari ya koperative. Kila mwaka ongezeni tarehe ya mafuriko ya kwanza na siku samaki walipoonekana.

2. Fungeni mdomo wa mto kwa wiki mnazokubaliana. Chagueni alama ambazo kila mtu anaziona, mti mkubwa au jiwe, juu na chini ya mdomo. Katikati ya alama hizo wavu hautegwi tangu mafuriko ya kwanza mpaka maji yatulie. Kwa kuwa tuna mvua za aina mbili, za mwezi wa tatu hadi wa tano na za mwezi wa nane hadi wa kumi na moja, zungumzeni ni zipi samaki wenu wanazifuata zaidi.

3. Msizibe mto wote. Wakati wowote, wavu au uzio usivuke nusu ya upana wa maji. Samaki apate njia.

4. Kataeni sumu na vyandarua. Majani ya sumu yanaua mama, mtoto na mayai kwa mara moja, na maji hayo yanakunywewa chini na watu na mifugo. Chandarua kinakamata vifaranga ambao hawajafika hata urefu wa kidole. Chandarua kazi yake ni kitandani. Tena msioshe pompa za dawa ya mimea mtoni.

5. Acheni ukanda wa majani kando ya mto. Hili ni la wakulima hasa. Tukilima mpaka ukingoni, mvua inabeba udongo na kufunika mayai ya samaki, na majani ambayo kambale anatagia yanakwisha. Acheni hatua kumi na tano bila kulima, au pandeni majani ya mifugo yanayokatwa bila kung'olewa. Shamba lenyewe litashukuru, kwa kuwa udongo utabaki juu.

6. Ukimkamata jike mwenye mayai akiwa hai, mrudishe. Tumbo lake ni nene na laini. Mshike kwa mikono yenye maji, usimtupe kwenye majani makavu, mrudishe taratibu. Dume unaweza kumchukua. Ni jambo dogo, lakini watoto wanaoliona wanajifunza.

7. Andikeni mapatano pamoja na wengine. Koperative moja haiwezi kufunga mto ikiwa kijiji cha ng'ambo kinauvua. Waiteni machefu wa localité na wa grupema, huduma ya serikali inayoshughulika na uvuvi, wavuvi wasio wanachama, na wawakilishi wa waliokimbia makwao. Wakae jamii zote zinazotumia mto ule. Adhabu iwe ndogo na ya wote sawa, iende kwenye mfuko wa mshikamano, si mfukoni mwa mtu. Na kila mtu ajue: askari au kijana mwenye silaha hapewi kazi ya kulinda mapatano haya. Yanalindwa na wale waliokubaliana.

Neno la usalama pia. Mto uliofurika unaua watu kila mwaka. Usivuke usiku, usiingie majini peke yako, usimtume mtoto kufungua mtego katika maji yanayokimbia. Kule Semliki kumbuka mamba na viboko. Hakuna samaki anayelipa uhai wa mtu.

Anzeni kidogo

Msingoje mapatano ya ziwa lote. Ziwa Albert ni la nchi mbili, sisi na Uganda, na mambo yake yanazungumzwa na wakubwa. Lakini kijito kinachopita nyuma ya mashamba yenu ni chenu. Chagueni kijito kimoja, majira moja ya mvua. Kifungeni wiki zile tu. Kabla ya kuanza, hesabuni mitego kumi inakamata samaki wangapi kwa usiku mmoja wa kiangazi, na wa ukubwa gani. Rudieni hesabu hiyo kila kiangazi, kwa mitego ile ile. Samaki anahitaji muda kukua, kwa hiyo msitegemee ajabu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili au wa tatu daftari litawaambia ukweli kuliko maneno ya mtu yeyote, hata haya yetu.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano

- Katika mto wetu, samaki gani waliokuwako zamani hawaonekani tena? Nani anawakumbuka, na walikuwa wanavuliwa wakati gani?
- Nani ataumia zaidi tukifunga mdomo wa mto kwa wiki nne? Tutamsaidia kwa kitu gani, na kitatoka wapi?
- Je, mashamba yetu yanafika mpaka ukingoni mwa maji? Nani yuko tayari kuwa wa kwanza kuacha ukanda?
- Tunahitaji kuzungumza na kijiji gani cha ng'ambo, na nani anaheshimiwa pande zote mbili aende kuanza mazungumzo?

Msomeeni somo hili kwa sauti yule asiyejua kusoma, na majibu yenu yaandikwe katika daftari ya koperative kabla mvua za mwezi wa tatu hazijashuka.